Raga, Usajili na Jina la Klabu: Mafunzo Niliyopata Jukwaani

Klabu ninayoishabikia sitaitaja. Ni ya Nairobi, ina rangi zake na nyimbo zake, ina wazee wanaoapa kwamba raga ilikuwa tamu enzi zao, na haina benki wala kiwanda cha kuitegemea. Nikiitaja, mashabiki wa klabu nyingine wataishia hapa, na wa kwetu watanitafuta Jumamosi. Ninachotaka kusimulia ni ubishi uliotufuata misimu na misimu, kwenye ngazi za zege kando ya uwanja, ndani ya matatu za kurudi mjini, na mezani palipobaki mifupa na kachumbari: tumsajili nani, na watu huko nje wanatuonaje. Zamani tuliyatenganisha. Usajili tulimsukumia kocha, jina la klabu tukamwachia katibu. Nionavyo sasa ni shauri moja. Klabu isiyo na mshahara wa kutoa humvuta mchezaji kwa jina lake, na jina hilo likichafuka, dirisha la usajili linaweza kukaa wazi mwaka mzima na asiingie mtu.

1. Mwenye kauli ya mwisho ni mama wa mchezaji

Msimu mmoja tulimtaka kijana wa namba nane kutoka shule moja ya Kaunti ya Kakamega. Mrefu, mwepesi, akibeba mpira watu watatu wanamning'inia na bado anasonga. Mimi si kiongozi wa klabu, ila niliombwa niandamane na ujumbe kwa kuwa nazifahamu njia za huko na naweza kusalimu wazee bila mkalimani. Tulikwenda na jezi mpya iliyokunjwa vizuri na hotuba ndefu. Kiongozi wetu akaanza na Shujaa, timu ya taifa ya wachezaji saba, akapitia Singapore, akafika Olimpiki. Mama wa kijana alisikiliza yote, akatuongezea chai, kisha akauliza:

"Atalala wapi?"

Kiongozi akarudi Olimpiki.

"Nimesikia, baba. Nimeuliza atalala wapi. Na akivunjika mguu, hospitali ni juu ya nani? Halafu hao mashabiki wenu, si ndio wale wa kuimba matusi? Mwalimu wake ameniambia."

Kiongozi alijibu moja kati ya hayo matatu, la hospitali, na alilijibu kwa maneno mengi mno. Kijana mwenyewe aliketi kando akitazama jezi. Mwishowe alichukuliwa na timu ya chuo kikuu iliyokuja na barua ya kumlipia karo, na hata mashabiki wakali wa kwetu walikosa wa kumlaumu.

Maswali ya yule mama yana mizizi. Ufaransa, klabu za Top 14 huwalipa wachezaji mishahara na kuwafanyisha kazi hiyo moja. Kwetu, wengi wa wanaocheza Kenya Cup, ligi kuu ya raga nchini, wana ajira nyingine au wako masomoni, na mazoezi ni jioni, baada ya foleni ya magari. Klabu ya kawaida hutoa posho ya mechi, nauli, sahani ya chakula baada ya mazoezi, na pengine kitanda katika nyumba ya kupanga ya vijana kadhaa. Strathmore Leos, Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Blak Blad ya Kenyatta wana madarasa. KCB ina benki. Kabras ina kiwanda cha sukari. Sisi tunatoa udugu, na udugu haulipi kodi ya nyumba.

Jumamosi jukwaani hayo yote husahaulika. Mtu anaona winga wa wapinzani akifunga trai, anageuka: "Huyu mbona hatukumchukua?" Kana kwamba wachezaji wamepangwa kwenye rafu za supamaketi na katibu wetu alipita na kikapu akasahau. Siku hizi nikisikia swali hilo, namuuliza mwenye kuuliza kama ana chumba cha ziada nyumbani kwake.

2. Ubishi kuhusu sukari ni ubishi kuhusu Nairobi

Nakuru walibeba Kenya Cup mwaka 2013 na 2014. Baada ya hapo, kuanzia 2015 hadi 2023, hakuna klabu iliyolinyanyua kombe hilo isipokuwa KCB na Kabras. Msimu wa 2020 corona iliuvunja. Kwa shabiki wa klabu isiyo na tajiri, huo ni muda mrefu wa kukaa ukitazama sherehe za watu. Maneno ya jukwaani yalikuwa, na bado ni, kwamba sukari imeinunua raga.

Mimi sikubaliani, na nimewahi kunyimwa kiti kwa kusema hivyo. Kabla ya kampuni ya West Kenya Sugar kuijenga Kabras, mtoto wa Kakamega au Bungoma aliyeiva shuleni alikuwa na njia moja: kupanda basi la usiku, kushuka Nairobi, na kujitafutia klabu kando ya Ngong Road. Kakamega School, St. Peter's Mumias, Musingu, hizo shule zimelisha klabu za jiji kwa miaka mingi bila kupata hata mpira mmoja wa shukrani. Kabras ilipochukua Kenya Cup kwa mara ya kwanza mwaka 2016, kilichotuuma hasa ni kwamba chanzo chetu cha wachezaji kilikuwa kimepata mwenyewe. Watu waliokuwa wakituletea vijana sasa wanajaza uwanja wa maonyesho wa Kakamega na kutuzomea tukiingia. Hilo si dhuluma. Tulizoea vya bure.

Hoja ngumu zaidi ni ya wageni. Kabras imewachezesha Philip Wokorach wa Uganda na Jone Kubu wa Fiji, na kila anaposhuka mgeni mwenye mkwaju mzuri, kuna shabiki atakayeuliza kijana wa hapa atacheza lini. Swali ni halali. Jibu langu hutegemea kinachotokea Jumanne na Alhamisi. Kama chipukizi wa namba kumi anafanya mazoezi bega kwa bega na Mfiji, akimwona anavyousoma mstari wa ulinzi na anavyochagua pa kupiga mpira, klabu imenunua mwalimu. Kama mgeni anakuja siku ya mechi na chipukizi anabaki kubeba chupa za maji, imenunua pointi za msimu mmoja. Mashabiki wachache huenda uwanjani Jumanne, kwa hiyo ubishi wetu mwingi juu ya wageni ni wa watu wasioona nusu ya habari. Mimi nikiwemo, Jumanne nyingi.

3. Ukivaa jina la mwenzako, utavaa na madoa yake

Impala, klabu ya Ngong Road yenye heshima yake, ilijiunga na mtandao wa Saracens wa Uingereza ikaitwa Impala Saracens. Mpango wenyewe ulikuwa na mantiki: ujuzi wa ukocha, jina kubwa mlangoni, kitu cha kumwonyesha kijana unayetaka kumsajili. Novemba 2019 Saracens ya London ikathibitishwa kuvunja kanuni za kiwango cha juu cha mishahara, ikatozwa faini ya zaidi ya pauni milioni 5 na kupokonywa pointi 35, kisha ikashushwa daraja. Wachezaji wa Impala, ambao wengi wao walifika mazoezini kwa matatu, wakawa wanataniwa kwamba nao wanapokea mamilioni chini ya meza. Walicheka, lakini si sana.

Majina ya wadhamini ni jambo jingine, na hapo nimeona tofauti ambayo wenye kuuza matangazo wangepaswa kuilipia. Stanbic Mwamba, Top Fry Nakuru: magazeti yaliandika jina lote, mashabiki wakakata la mbele na kuimba la nyuma. Menengai Oilers peke yao wamefaulu kuwafanya watu waimbe la mdhamini, kwa sababu walizaliwa nalo.

4. Sura ya klabu hutengenezwa jukwaani, mchana kweupe

Raga ya Kenya imebadilisha lawama mara kadhaa. Kwanza ulikuwa mchezo wa wazungu. Nondescripts ilianzishwa 1923, Kenya Harlequin 1952, na katika miaka hiyo ya ukoloni Mwafrika hakuwa na kadi ya uanachama. Mwaka 1977 Mwamba ikaundwa na Waafrika waliotaka klabu yao wenyewe, na wanafunzi wa Mean Machine wakaingia ulingoni wakati huohuo. Lawama ya pili ikawa ya mababi: mchezo wa watoto wa shule za bei ghali, wanaozungumza kwa pua na kupelekwa uwanjani na dereva. Hiyo ilikuwa na ukweli wake kwa muda, na bado ukipita Ngong Road siku ya mechi utaikuta imeegeshwa. Ya tatu ndiyo ya leo: mchezo wa walevi.

Hii ya tatu tumeitengeneza wenyewe. Nyimbo zetu nazijua zote. Baadhi ni za kuchekesha, baadhi zina sauti nzuri kuliko kwaya nyingi, na baadhi huwezi kuzifasiri mbele ya shangazi yako. Kwa miaka mingi utetezi wetu ulikuwa kwamba ni utamaduni wa raga, kwamba asiyependa akae nyumbani. Basi watu wakakaa nyumbani. Akina dada walipungua kwenye ngazi zetu, wazazi waliokuja kuwatazama watoto wao wakawa wanasimama upande ule mwingine wa uwanja, karibu na wauza smokie. Nilimwona mzee mmoja, mwanawe akichezea kikosi chetu cha pili, akiondoka kabla ya mapumziko akiwa amemshika mjukuu mkono. Msimu uliofuata mwanawe hakuwa kwetu. Sijui kama kuna uhusiano. Ila kocha alipolalamika kwamba tumepoteza mshambuliaji wa mbele, kuna walioangalia chini.

Mwaka jana kikundi cha wanawake wanaoishabikia klabu kilifanya jambo ambalo kamati nzima ilikuwa imelishindwa. Hawakuandika barua wala kanuni. Walikuja mapema, wakachukua zile ngazi za katikati ambako nyimbo huanzia, na wakawa wanaanzisha zao kila wale wa matusi walipovuta pumzi. Zilikuwa nyimbo nzuri, mbili za Kiluhya, moja ya kanisani iliyogeuzwa maneno, na ngoma juu. Wakongwe walinung'unika wiki kadhaa. Kisha wakajifunza vitikio. Bado kuna mabaki ya zamani, hasa tukifungwa, lakini upande wa wauza smokie umepungua watu.

Nisisitize jambo hapa, kwa kuwa viongozi hupenda kulikimbia: kikundi hichohicho cha wanawake kiliuliza pia kwa nini picha za timu ya akina dada hutumika kwenye kila karatasi inayopelekwa kwa mdhamini, ilhali timu yenyewe hufanya mazoezi kwenye kona isiyo na taa. Kenya ilipeleka timu ya wanawake kwenye Olimpiki ya Rio 2016 na ya Tokyo, kwa hiyo vipaji vipo. Taa ziliwekwa baada ya miezi. Swali lilitangulia taa, na kiongozi aliyeulizwa hakulipenda.

5. Plasta moja inaweza kuharibu usajili wa miaka

Tarehe 17 Aprili 2016, Shujaa waliishinda Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore, wakichezeshwa na kocha Benjamin Ayimba, Andrew Amonde akiwa nahodha. Mama mboga wa mtaani kwetu, ambaye hakuwahi kutofautisha raga na mieleka, aliniuliza asubuhi yake kama wale vijana wanalipwa vizuri. Nilimwambia naamini watalipwa. Kwa miezi kadhaa baadaye viwanja vya shule vilijaa, na klabu yetu ilipata watoto wa chini ya miaka 20 wengi kuliko viatu.

Juni 2018, Paris, timu ileile ya taifa iliingia uwanjani ikiwa imefunika kwa plasta maneno ya mdhamini kifuani. Mdhamini alikuwa kampeni ya serikali ya kuitangaza Kenya, na wachezaji walikuwa wakidai marupurupu yao. Picha zilizunguka dunia. Jukwaa letu liligawanyika katikati kama sijapata kuona. Wazee walisema huwezi kuvaa bendera ya nchi ukaifunika. Hasira za nyumbani huishia nyumbani. Vijana walisema mtu akikaa kimya hulipwa kimya. Nilikuwa upande wa vijana na bado niko, lakini kuna hoja ya mzee mmoja ambayo sijaweza kuijibu. Alisema, "Mimi sibishani kuhusu haki yao. Nauliza tu, kesho tukienda kumwomba mzazi mtoto wake, tutamwambia mchezo huu unalipa?"

Na kweli wazazi walituuliza. Hawakutaja kocha wala matokeo. Walitaja plasta.

6. Aliyeumia ndiye msajili wetu mkuu

Prop wetu mmoja alikatika kano ya goti kwenye skramu, mechi ya ugenini, mvua ikinyesha. Klabu ililipa hospitali ya siku ile. Upasuaji ulikuja baadaye, na ulilipwa kwa mchango: kofia ilipitishwa mapumzikoni, watu wakatuma M-Pesa, mwenye duka la nyama akatoa mbuzi akapigwa mnada. Ulikuwa wema wa kweli na nisingependa mtu aucheke. Lakini wachezaji wenzake walitazama kofia ile ikipita, na kila mmoja alijiona ndani yake.

Nimegundua kwamba mchezaji anayefikiria kuhamia klabu fulani haanzi kwa kumuuliza kiongozi. Humtafuta aliyeumia msimu uliopita. Anamuuliza nani alikuja kumwona, nani aliacha kupokea simu, na kama jina lake bado liko kwenye orodha ya posho. Mazungumzo hayo ya dakika kumi, mara nyingi kwenye kibanda cha chai, yana nguvu kuliko safari zote za ujumbe na jezi zilizokunjwa. Prop wetu amepona kiasi, na siku hizi huwanoa wale wa mstari wa mbele. Kila kijana mpya anayekuja anapelekwa kwake kwanza, na si kocha aliyepanga hivyo. Ni wachezaji.

7. Kuna klabu maskini zilizowahi kushinda mchuano wa usajili

Watu wa kwetu wakikata tamaa mimi huwatajia Mwamba. Haikuwa tajiri kuliko wote, na uwanja wake wa Railway Club haukuwa wa kumvutia mtu kwa nyasi. Hata hivyo Humphrey Kayange na Collins Injera, ndugu wa tumbo moja, waliivaa jezi yake miaka nenda miaka rudi, na mwezi Mei 2016 huyo Injera akawa mfungaji wa trai nyingi kuliko wote katika historia ya msururu wa dunia wa wachezaji saba kila upande, kabla ya Mwingereza Dan Norton kumpita mwaka uliofuata. Hakuna anayeweza kusema Injera alikosa mahali pa kwenda.

8. Hela ya kamari inakuja na swali lake

Hili bado linatokota. Kampuni moja ya kamari imetaka kutudhamini, na fedha wanazotaja zingetosha kodi ya nyumba ya wachezaji, bima, na basi la msimu mzima. Mkutano wa wanachama ulijaa hadi watu wakasimama dirishani.

Upande wa kukubali ulikuwa na hoja nzito: yule mama wa Kakamega aliuliza kitanda na hospitali, na hivi ndivyo vinavyolipiwa. Upande wa kukataa ulikumbusha Januari 2018, SportPesa ilipokatiza michezo ya Kenya udhamini, raga ikiwemo, baada ya ushuru wa kamari kupandishwa hadi asilimia 35. Waliokuwa wamejenga bajeti juu ya fedha zile waliamka wakiwa hawana kitu. Kisha akasimama baba wa mmoja wa vijana wetu wa chini ya miaka 20. Hakuwa na hotuba. Alisema mwanawe alishacheza karo ya muhula kwenye simu mara moja, na kwamba akiliona jina hilo kifuani mwa nahodha wake, yeye kama mzazi atabaki bila neno la kumwambia.

"Mzee, na basi la Kakamega Jumamosi atalilipa nani?" mweka hazina akamuuliza, kwa heshima kabisa.

Pakawa na kelele. Mmoja alipendekeza kampuni ya simu, mwingine akataka tuuze fulana, mwingine akasema tuwaombe Kabras watubebe, jambo lililochekesha hata upande wa kukubali. Kura imeahirishwa hadi mwezi ujao. Mimi nitapiga kura ya kukataa, na mchango wangu wa basi nimeshautoa.